Mizigo ya Watu kwa Bi Mwanapili

Ukija kwetu Konde, Pemba, siku za kukaribia sikukuu usiniulize duka gani lina bei nafuu, maana sijui na wala sitaki kujua. Niulize pa kuweka mzigo. Hilo nalijua, kwa sababu kwa miaka kumi na minane cherehani yangu imekaa hatua nne kutoka kwenye mkeka wa Bi Mwanapili, na kwa miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa akiwawekea watu wa kaskazini mizigo yao.

Mimi naitwa Hija, mshoni wa kanzu na magauni. Baraza tunayokaa ni ya duka lililofungwa zamani. Mwenyewe alihamia Unguja akatuachia kivuli. Upande wa njiani niko mimi na cherehani. Upande wa ndani yuko Bi Mwanapili na makopo yake ya bizari, hiliki na pilipili manga, anapima kwa kijiko na kufunga kwa vipande vya karatasi. Ni mjane wa miaka sitini na kitu, mfupi, na ana tabia ya kukutazama bila kusema mpaka umalize uongo wako wote. Bizari yake nzuri, lakini si bizari iliyompa jina. Kilichompa jina ni ule ukuta ulio nyuma ya mgongo wake.

Mtu akishuka kwenye gari ya Msuka au ya Tumbe asubuhi, ana mengi ya kununua na mikono miwili tu. Akishanunua vitambaa anaviacha kwa Bi Mwanapili, anakwenda kutafuta viatu. Akipata viatu anavileta navyo, anakwenda kutafuta mchele. Mizigo inakaa ukutani, mmoja juu ya mwengine, na saa ya gari ikifika kila mtu anakuja kuchukua chake. Hapakuwa na namba, wala karatasi, wala malipo. Aliyetaka kushukuru alimletea chane ya ndizi au samaki mmoja, na asiyeleta hakuulizwa. Bi Mwanapili aliujua mzigo kwa mwenyewe: huu wa bibi mwenye kikohozi, ule wa mjukuu wa fulani, hii miwili ya vijana wanaooa mwezi ujao. Sikupata kumwona akikosea hata mara moja.

Mimi nilikuwa nikimsema. Katika kazi yangu siipokei nguo ya mtu mpaka nikate kiraka kidogo cha kitambaa chake. Nusu naibana kwenye nguo kwa pini, nusu anaondoka nayo mwenyewe. Akija bila kiraka, tunazungumza. Nikamwambia Bi Mwanapili na yeye afanye hivyo kwa mizigo, nitampa viraka bure, vinanijaa hapa chini ya miguu.

"Akija mtu wa Msuka n'mwambie nionyeshe kiraka ndo n'kupe mali yako?" akanijibu. "Ataniona mie askari. Watu wananiwekea kwa kuwa siwaulizi."

Nikamwambia dunia imebadilika. Akaniambia nishone.

Na kweli imebadilika, ingawa siku ile nilisema kwa kupenda kusema tu. Kumi la mwisho la Ramadhani siku hizi huja wafanyabiashara kutoka Unguja, Tanga na kwengineko, wanatandika maturubali njia nzima, na kila mmoja ana kipaza sauti kinachosema jambo moja tangu asubuhi mpaka magharibi: bei imeshuka, njoo uone, kesho hukuti. Bei imeshuka au haikushuka, Mungu anajua. Ninachojua mimi ni kuwa watu wakilisikia neno hilo wanasahau kuwa wana mifuko. Wanainama kwenye lundo la magauni, mkoba uko mgongoni, simu iko mkononi, mtoto yuko popote alipo. Sisi tumekulia mahali ambapo mwenye duka akisikia adhana anatupia kanga juu ya bidhaa zake, anaweka fimbo mlangoni, anakwenda kusali, na akirudi anakuta kila kitu kama alivyokiacha. Mtu aliyelelewa hivyo hajui kushika mkoba. Anaona akiushika atamtia mwenzake aibu.

Wezi walikuja pamoja na maturubali, au walikuwepo siku zote wakingoja msongamano, sijui. Walikuwa wakikata mifuko kwa wembe. Mama anafika nyumbani anakuta mkoba una mdomo ubavuni na ndani mna hewa. Sheha, mkuu wetu wa mtaa, akapita baraza kwa baraza akitunasihi. Mkoba ukae mbele, si mgongoni. Simu usiitoe kwenye watu wengi. Mtoto mshike mkono, si nguo. Akikukumba mtu, jipapase kwanza ndio usamehe. Wanawake walimsikiliza kwa adabu, wakaitika, kisha wakatafuta njia fupi: kila walichonunua wakakileta kwa Bi Mwanapili. Sikukuu ya mwaka jana mizigo ilipanda ukutani mpaka ikafika dirishani, na yeye akawa anapima bizari amekaa kwenye ukingo wa mkeka wake mwenyewe.

Ilikuwa Ramadhani ishirini na nane. Asubuhi alikuja Rahila, mwanamke wa Msuka anayelima mwani, ambaye mumewe Jecha alikuwa dago, kwenye kambi ya wavuvi ya mbali, wiki ya tatu hajarudi. Rahila anasema kwa sauti ya chini, hata akikusalimu lazima uiname. Aliweka kikapu cha ukili kilichofunikwa kanga nyekundu.

"Bibi, hivi ndo viwalo vya wanangu," akasema. "N'wekee, nakwenda kutafuta unga na sukari. Soud kan'ambia kanzu yake iwe na mfuko, apate pa kutia pesa za sikukuu. Nimezunguka soko zima nikaipata."

"Weka mwanangu," Bi Mwanapili akamwambia. "Kifua cha mama vipi?"

"Kapata nafuu, yuwakusalimu."

Akenda zake. Haikupita muda akaja kwangu kijana mmoja, kanzu safi, kofia ya mkono, adabu mpaka mtu unaona haya. Pindo la kanzu yake lilikuwa limefumuka, ataka nimshonee, na kama nina kazi nyingi atangoja, hana haraka. Nikampisha kwenye benchi langu. Tulizungumza mengi: karafuu, mvua, vijana wanaokimbilia mjini. Alicheka pale panapochekwa na akanyamaza pale ninapotaka kusema. Wapo watu wachache wanaojua kumsikiliza mshoni, nami nilimpenda.

"Yule dada aloweka kikapu cha kanga nyekundu," akasema baadaye, "sura yake naijua. Si wa Wete yule?"

Angeuliza yule ni nani, pengine ningemtazama mara mbili. Hakuuliza. Alisema kosa, na Mpemba akisikia mtu kapewa mji usiokuwa wake hawezi kunyamaza, mimi nikiwa wa mwanzo.

"Wete wapi," nikamwambia. "Yule Rahila, mtu wa Msuka. Mumewe Jecha, mvuvi, saa hizi yuko dago. Mamake Bi Rahma, ndo huyo anosumbuliwa na kifua. Watoto watatu, Yumna, Hamzah na yule mdogo, Soud. Ndo hao kawanunulia nguo."

Kwetu mtu hatajwi jina tupu. Ukimtaja utamtaja na babake, na mumewe, na kijiji chake, na ugonjwa wa mamake, mpaka anayesikiliza ajue kamweka wapi. Nimefundishwa hivyo tangu mdogo kuwa ndio heshima. Sikuona kuwa nimetoa kitu. Niliona nimemsahihisha kijana wa watu.

Nikamaliza pindo, na adhana ya adhuhuri ikatoka. Nikafunika cherehani, nikamwambia twende msikitini. Akasema yeye msafiri, atakusanya sala zake huko aendako. Hata hilo lilinipendeza, nikasema moyoni kijana huyu anaijua dini yake. Nikamwacha amekaa kwenye benchi langu, karibu na mkasi wangu na vitambaa vya watu. Niliporudi alikuwa keshaondoka, kanilipa kwa kuacha noti chini ya mkasi, na mimi nikaendelea na kazi.

Saa tisa Rahila akaja na unga na sukari, gari ya Msuka inapiga honi.

"Bibi, n'pe kikapu changu."

Bi Mwanapili akamtazama. "Si nimempa kijana ulomtuma?"

"Kijana gani bibi?"

Hapo Bi Mwanapili akasimama. Yeye hasimami ovyo, magoti yanamuuma. Akasimulia pole pole, neno kwa neno, kama alivyoambiwa. "Kaja hapa, kan'amkia. Kasema, bibi, nimetumwa na dada Rahila wa Msuka, mke wa kaka Jecha. Kasema kaka Jecha yuko dago, mie mtoto wa mjombake. Mama Bi Rahma kazidiwa na kifua, dada keshapanda gari, ataka kile kikapu cha nguo za Yumna na Hamzah na Soud. N'kampa."

Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Hata mpango wake ulikuwa wangu, watoto kwa kufuatana umri, na Soud wa mwisho. Nikafungua mdomo. Kisha nikachukua uzi, nikautia kwenye tundu la sindano, nikaanza kushona mahali ambapo palikuwa pameshashonwa.

Rahila hakuwaza kikapu kwanza. Alipiga simu nyumbani kuuliza kama mamake kazidiwa. Mamake mwenyewe ndiye aliyepokea, akamuuliza kama kakumbuka kununua tambi. Rahila akasema Alhamdulillahi, akakaa chini kwenye ngazi, na hapo tena ndipo ilipompata kuwa nguo hazipo. Alilia bila sauti, kwa upindo wa kanga, na machozi yake yalikuwa machache kuliko ya watu waliokuwa wakimtazama.

"Si kitu bibi," akamwambia Bi Mwanapili. "Hukukusudia."

Akapanda gari. Askari walikuja, wakaandika, wakaniuliza kama nilimwona huyo mtu. Nikasema nilimshonea pindo, kanzu yake nyeupe. Hapo Konde siku ile kanzu nyeupe zilikuwa labda mia tatu. Hawakuuliza zaidi na mimi sikuongeza.

Sasa nisikilize nilivyofanya, maana nilijiona mwerevu. Siku ya pili asubuhi niliweka kazi za watu pembeni, nikatoa kitambaa changu mwenyewe, nikakata gauni moja na kanzu mbili. Umri wa watoto niliujua, na vimo vyao nilivikisia. Kanzu ya Soud nikaitia mfuko mkubwa, nikaushona mara mbili. Bi Mwanapili akanunua viatu jozi tatu bila kuniambia kavinunuaje, na vyote tukavituma kwa dereva wa gari ya Msuka kabla ya alasiri. Nikasema moyoni, basi, nimeshalipa. Nilichokiharibu kwa ulimi nimekitengeneza kwa mkono.

Baada ya sikukuu Rahila alinitumia pweza mkavu na salamu. Aliwaambia watu wa Msuka kuwa Fundi Hija ni mtu wa kheri, kamshonea wanawe watatu bila hata kuombwa. Watu wa Msuka wakawaambia wa Tumbe. Kazi zikanijia mpaka za watu nisiowajua, na kila anayekuja ananiombea dua kabla hajavua viatu. Mimi naitikia amina.

Na Bi Mwanapili je? Alianza kuzungumzwa, mwanzo kwa huruma, halafu kwa namna nyengine. Mteja wangu mkubwa ni Bi Jawaher, mwalimu mstaafu, mwanamke anayesema mbele yako anachokifikiri, na akisema yeye, Konde nzima inakuwa imeshasema. Siku moja alikaa kwenye benchi langu, Bi Mwanapili kaenda kuchota maji, akaniambia, "Mwanapili kazeeka. Masikio hayasikii, macho hayaoni, atoa mali za watu kwa kila mpitaji. Na hayo ndo nnayosema mie kwa kumstahi. Wako wanosema zaidi ya hayo."

Maana ya zaidi ya hayo niliijua. Walikuwa wakisema kijana yule ni wake, kagawana naye.

Nikasema, "Mungu ndiye ajuaye." Neno zuri hilo, lakini pia ni neno la mtu mwenye la kusema na hataki kulisema. Wazee wetu walituambia heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi siku zote nilidhani wanamsema mtu anayesema sana. Kumbe na kunyamaza ni kujikwaa kwa ulimi, tena huinuki.

Mfunguo pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, haukuisha Bi Mwanapili akaniomba viraka. Aliviomba bila kunitazama. Nikampa kopo zima, vya kila rangi, akaviweka karibu na hiliki na pini juu yake. Aliamua kuwauliza watu, jambo alilokuwa akilikataa miaka yote. Lakini hakuna aliyekuja kuulizwa. Siku za soko watu walipita na mizigo yao kichwani, begani, kwenye meno, wakamsalimu kwa heshima zote, shikamoo bibi, wajambo bibi, na kupita. Ukuta ukawa mweupe. Sikuwahi kujua kuwa ukuta ule una nyufa.

Zikaja siku za Idd el Hajj. Maturubali yakatandikwa tena, vipaza sauti vikaanza, bei imeshuka, kesho hukuti. Siku mbili kabla ya sikukuu alikuja akaanguka kwenye ngazi ya baraza yetu mwanamke kijana, mtoto mchanga kifuani, mfuko mkubwa begani na mwengine mkononi. Mfuko wa begani ulikuwa umekatwa kwa wembe kutoka juu mpaka chini. Alikuwa kanunua shuka na nguo za mtoto, na kilichobaki ni soksi moja iliyonasa kwenye mshono. Bi Mwanapili akampokea mtoto, akampa maji, akampangusa uso kwa kanga yake.

"Ungeweka mzigo mahali, mwanangu," akamwambia. "Na mtoto na mifuko yote hii huwezi kujilinda."

"N'weke wapi, bibi?" akasema yule mwanamke. "N'liambiwa zamani hapa Konde palikuwa na bibi mmoja akiwawekea watu. Lakini wanasema siku hizi yuwapa wezi."

Hakujua anasema na nani. Nilimtazama Bi Mwanapili. Alikuwa akimbembeleza mtoto.

"Ndivyo wanavyosema," akamjibu.

Akampa mwanamke yule nauli na karatasi mbili za bizari, akamsindikiza mpaka kwenye gari, akarudi kukaa. Akachukua kijiko chake akaanza kupima. Mimi nilikuwa nimesimamisha cherehani muda wote huo, mguu uko juu ya ubao wa kukanyagia na haukanyagi. Niliona nikikanyaga tena, nitakanyaga hivyo mpaka nife.

"Bi Mwanapili," nikasema, "yule kijana wa Ramadhani. Majina yote yale, mie ndo n'lomwambia."

Akaendelea kufunga. "Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Masikio yangu mazima, Hija. Hatua nne hizi."

Nikababaika. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hasira yake, au kwa machozi, si kwa hilo. "Sasa kama ulin'sikia nikimwambia, kwa nini ulimpa kikapu?"

Hapo akaweka kijiko chini, akanitazama kama anavyomtazama kila mtu.

"Majina hata mwizi huyapata," akasema. "Sikumpa kwa majina, wala kwa huo udugu alojipa. N'limwona kakaa kwako saa nzima, mwacheka. N'kakuona wewe ukenda kusali ukamwacha pale na mkasi wako na vitambaa vya watu. N'kasema huyu mtu wa Hija. Mtu wa Hija n'mwulize kitu gani?"

Nimeambiwa maneno mengi mabaya katika maisha yangu, mengine na mke wangu, na mengine nilistahiki. Hayakuwahi kuniingia kama hayo, na hayakuwa hata mabaya. Miezi miwili na zaidi nilikuwa nimebeba dhambi ndogo, dhambi ya mdomo, nikaifunika kwa gauni na kanzu mbili nikaona imeenea. Kumbe kikapu kilitoka kwa ajili ya jina langu. Yeye alikuwa haulizi mtu kwa sababu alikuwa na mimi hapo hatua nne, na aliniamini kuwa nisiyemjua simkalishi kwenye benchi langu.

"Na hukusema," nikamwambia. "Watu wanakula nyama yako, hukusema."

"Ningesema nini? Kikapu kilikuwa kwangu, hakikuwa kwako." Akachukua tena kijiko. "Na wewe una watoto wanokula kwa hiyo cherehani. Mie nina bizari tu na roho yangu. Shona, Hija, watu wataka nguo zao."

Nilijaribu kushona. Uzi ukakatika, nikautia, ukakatika tena. Wakati nahangaika nao Bi Jawaher akapanda ngazi, kikapu mkononi kimejaa, na nyuma yake wanawake wanne au watano waliokuja kuuliza nguo zao kama ziko tayari. Kitambaa chake, hariri ya buluu aliyoagiza kwa mwanawe aliyeko Maskati, kilikuwa juu kabisa ya fungu langu, bado sijakikata. Alikuwa amechoka na jua, kikapu kinamuuma mkono, na alikipakata kifuani kwa mikono yote miwili kama sheha alivyotufundisha.

"Fundi Hija," akasema, "gauni langu n'tapata kesho au nivae la zamani?"

Nikasimama. Sikujua kuwa nitasimama. Nikasema, "Mwalimu, na nyie nyote, n'sikilizeni kidogo."

"Hija, kaa," Bi Mwanapili akasema nyuma yangu, kwa sauti ya chini.

Sikukaa. Nikawaambia tangu mwanzo: pindo lililofumuka, benchi, Wete na Msuka, Jecha na Bi Rahma na watoto watatu. Nikawaambia kijana alikuwa mgeni wangu, mimi ndiye niliyemkalisha, mimi niliyemwacha hapa, na aliyempa kikapu alimpa akijua anampa mtu wangu. Nikawaambia askari waliniuliza nikawajibu rangi ya kanzu. Nikawaambia kuhusu nguo nilizozituma Msuka na nilivyozitumia kuombewa dua. Mbele yetu kipaza sauti kiliendelea kusema bei imeshuka, na hakuna hata mmoja kati ya wale wanawake aliyegeuza shingo.

Nilipomaliza, Bi Jawaher akatua kikapu chake chini, akaja mpaka kwenye meza yangu, akakichukua kitambaa chake cha buluu juu ya fungu, akakikunja vizuri kwa mapande manne, akarudi akakitia ndani ya kikapu. Akakinyanyua kikapu kwa mikono miwili, akanipita, akainama, akakiweka ukutani nyuma ya mgongo wa Bi Mwanapili, na akaenda zake sokoni mikono mitupu.